Thomu Yako Imetoa Chembe, Baba Rukia

Baba Rukia,

Salamu zangu unazipata kila baada ya sala, inshaallah, basi leo sizirudii. Leo nna habari. Nimejaribu kumhadithia dada yangu kwa simu, akaniuliza bei. Nikamhadithia jirani yetu Bi. Tatu, akacheka pasipochekwa, na palipotaka kicheko akanyamaza. Nikaona hapana, mwenyewe wa habari hii ni mmoja tu, na kalala makaburini Mwanakwerekwe. Nikachukua kalamu. Hati yangu unaijua, inapanda inashuka, na wewe hukuacha kunitania kwamba darasa langu la saba lilikuwa la mchana tu. Utasoma hivyo hivyo.

Sikiliza basi. Thomu imetoa chembe.

Usinune kwanza. Sisemi majani. Wala sisemi kile kijitunguu cha mviringo kama gololi ulichokuwa ukikichimbua kila mwaka, ukakitia mfukoni haraka ili nisikione, nami nimeshakiona. Nasema kichwa, Baba Rukia. Kichwa cha kitunguu thomu chenye ganda jeupe na michirizi ya zambarau, ukikikamua kwa gumba kinapasuka, na ndani chembe zimekaa duara zimekumbatiana. Hapa hapa nyuma ya Mlandege, katika ua wako, Unguja hii ya mvua na fukuto ambayo kila mtu alikwambia thomu haioti, thomu ni ya watu wa milimani huko bara. Na aliyeiotesha ni mwanangu. Nasema wangu, kwa sababu alipokuwa mdogo akakumwagilia miche yako ya tungule mpaka ikaoza, uliniambia mbele za watu, "Mtoto wako huyu hana mkono wa kupanda." Siku ile alikuwa wangu. Basi na leo ni wangu.

Ngoja nikupe kwa mpango, maana nikianza na raha nitasahau shida.

Uliondoka masika yanamalizikia. Unakumbuka mwaka huu ulivyokuwa na furaha ya kitoto tangu siku alipokuja bandani kwako yule mteja wa Lushoto na friza lake lisilogandisha. Mkawa mnazungumza, ukamlalamikia kuhusu thomu, yeye akakwambia, "Fundi, kwetu thomu inalala na baridi kwanza. Isipopigwa baridi haijui kama inatakiwa kugawanyika." Ukarudi nyumbani unacheka peke yako. "Maisha yangu yote mimi fundi wa baridi," ukasema, "na thomu inanililia baridi ndani ya ua wangu, nami sisikii!" Jioni ile ile ukaenda Darajani, ukachagua vichwa vikubwa vya bara, ukavitia kwenye mfuko wa kaki, ukauweka droo ya chini ya friji letu. Ukatutangazia mimi na Rukia kama imamu juu ya mimbari: "Hii si ya mchuzi. Mkono utakaogusa nitaujua." Na kila ukipita jikoni ulifungua friji ukainama kuchungulia, na mimi nikikupigia kelele kwamba unamaliza umeme.

Ijumaa ile ukarudi msikitini ukasema umechoka, nikutandikie. Nikatandika.

Siandiki zaidi hapo. Wewe ulikuwepo.

Sasa mambo ya hitima yako. Mimi nimeshakaa eda, nimo chumbani na nguo yangu nyeupe, sijui jikoni kunapikwa nini wala kwa nini. Aliyeshika jiko ni Bi. Tatu. Unamjua Bi. Tatu akishika jiko la watu, hata mwenye nyumba huomba ruhusa ya maji ya kunywa. Kapungukiwa na thomu, na pilau la watu wengi linangoja. Akafungua friji. Kutoka chumbani nikamsikia kwa masikio yangu akipaza sauti, "Jamani, huyu baba wa watu kajiandaa! Hata thomu ya hitima yake kaiacha tayari!" Wanawake wakasema masikini, wakasema Mungu amrehemu, wengine wakalia. Kinu kikaanza kutwanga. Na mimi na huzuni yangu sikutambua ni thomu gani. Nilidhani thomu tu.

Wakala. Wakalisifu lile pilau, wallahi, mpaka leo watu wanalitaja.

Jioni Rukia akaja kunipa uji. Akakaa ukingoni mwa kitanda. Nikamwuliza una nini, akasema, "Mama, mbegu ya baba imeliwa." Sikumfahamu. "Ile thomu ya kwenye friji. Bi. Tatu kaitwanga yote. Baba kawalisha watu mbegu yake." Kisha akaanza kucheka. Mimi nikamtazama, kwa sababu toka aliporudi kutoka Paje na ile talaka yake na begi lake moja, huyu mtoto sikuwa nimemsikia akicheka. Unajua alivyokuwa. Anakula kwa kuambiwa, analala kwa kuambiwa, ukimwita anaitika "naam" kama mtu aliye mbali. Basi alicheka, nami nikacheka, na tukajiziba midomo kwa kanga maana nyumba ya msiba ina watu, na katikati ya kicheko ndipo kilio kilipotushika sote wawili.

Alipomaliza kulia akafuta uso, akaenda jikoni kumwuliza Bi. Tatu kama imesalia hata moja. Bi. Tatu akasema, "Nzima hapana, mwanangu. Kulikuwa na mbovu, zimeshachipua, zina kijani ndani. Hizo nimezitupa, siwezi kuwalisha watu vitu vibovu kwenye hitima ya jirani yangu."

Zimechipua, Baba Rukia! Zile zilizokwisha kuamka kwa baridi yako, ndizo hasa ulizokuwa ukizingoja, na ndizo Bi. Tatu aliziona hazifai kwa pilau! Rukia akaivuta ndoo ya taka, akatia mkono mpaka kiwikoni kwenye maganda ya vitunguu na mbatata na mifupa, anatafuta chembe moja moja. Bi. Tatu kasimama na mwiko wake: "We mtoto, una wazimu? Baba yako hana hata juma kaburini nawe unachezea jaa!" Rukia kazikusanya kwenye upande wa buibui lake kama mtu anayeokota lulu.

Wewe ukipanda kwa kelele, kila mtaa ujue. Yeye alipanda kimya. Na alipanda humo humo ulimokuwa ukipanda wewe, kwenye yale mafriji mabovu uliyoyalaza chali nyuma ya nyumba, ukayatoboa chini na kuyajaza udongo. Mimi nilikuwa nikiyachukia yale mafriji, unajua. Leo nayafagia mimi mwenyewe. Akautoa udongo wako wote wa zamani, uliokuwa mzito kama ugali wa jana, akachanganya na mchanga na samadi iliyokaa sana, kwa sababu alisema thomu inakufa kwa miguu mibichi kuliko kwa njaa. Akazichagua chembe nene tu. Ncha juu, kitako chini, kina cha pingili ya kidole, na kati ya moja na nyingine nafasi ya kiganja. Mimi nimekaa mlangoni pa jiko, kiti changu nusu ndani nusu nje, ninatazama. Eda inanikataza manukato, lakini harufu ya thomu hakuna aliyenikataza.

Juu ya udongo akatandika mwani. Ndiyo, mwani! Wifi yake wa zamani wa Paje, ambaye talaka ya kaka yake haikumuondolea Rukia moyoni, humletea ule mwani uliokataliwa na wanunuzi. Rukia anaulowesha maji ya bomba, anaumwaga, anaulowesha tena mpaka chumvi itoke, kisha anauanika na kuutandika. Wewe ulitandika makuti, kuku wakayachakura. Nasema tu.

Na ikaota. Majani membamba, ya kijani, yamesimama kama askari wa gwaride. Hapo sikushangaa, maana majani hata wewe uliyapata.

Sasa ndipo akaja mdogo wako.

Nisimseme vibaya, Makame ni ndugu yako, na msiba wako aliusimamia kiume. Lakini unajua ua ule mliurithi pamoja kwa baba yenu na hamkuugawa. Akaja siku moja akakaa ukumbini, mimi chumbani, pazia katikati, akakohoa kile kikohozi chake cha kuanzia mkutano. "Shemeji," akasema, "nimekaa nimefikiri. Ule ua upo bure. Yale makaburi ya mafriji tuyaondoe, nimwage zege, nisimamishe vyumba viwili vya kupangisha. Na nyinyi mtapata chenu."

Nikamwambia, "Shemeji, mimi nimo ndani ya eda ya kaka yako. Utaniingizia vipi mafundi wanaume katika nyumba, wanapita na matoroli mbele ya mlango wangu?"

Nikasikia anajikuna ndevu.

"Kweli," akasema. "Basi ukishatoka eda."

Hapo nikasikia miguu ya Rukia inatoka uani. Mtoto ambaye alikuwa hasemi na mtu akasimama mbele ya ami yake. "Shikamoo, Ami."

"Marahaba, mwanangu."

"Ami, na thomu ya baba?"

Makame akacheka, si kwa ubaya, akacheka kama mtu aliyeonyeshwa picha ya zamani. "Thomu! Baba yako, Mungu amrehemu, kapanda thomu toka hujaolewa. Alivuna nini? Alivuna kutaniwa barazani. Mwanangu, hii si ardhi ya thomu."

"Hii ni ya tofauti, Ami. Imelala kwenye friji."

"Imelala kwenye friji!" Akacheka tena. "Haya. Nisije nikaambiwa nimemdhulumu mtoto wa kaka. Mama yako akitoka eda nitakuja na fundi. Nikikuta thomu yenye chembe, kama ile ya sokoni, ua wako, sitii humo hata jiwe moja. Nikikuta majani, usinililie."

"Nimekubali, Ami."

Mimi nyuma ya pazia karibu nitoke eda papo hapo, kwa uchungu na kwa furaha. Uchungu, kwa sababu ule ua ndio kitu pekee mtoto huyu anacho. Mume hana, chumba analala changu, hata kitanda ni kile cha utotoni kwake. Ukimwagiwa zege ua ule, kamwagiwa yeye. Na furaha, kwa sababu nilimsikia sauti. Sauti yake, Baba Rukia! Imekunjuka kama mkeka.

Wanawake wengine eda huwachosha, wanaulizana lini, lini. Mimi niliiombea iwe ndefu. Kila mwezi ulioandama niliutazama kwa mashaka, kwa sababu thomu inataka muda kama eda inavyotaka, na sikujua ni ipi itatangulia kumaliza. Mafundi wa zege wamezuiwa mlangoni na ujane wangu. Nikasema alhamdulillahi, hata huzuni ya mtu ina kazi ya kufanya.

Usidhani ilikuwa wepesi. Ilikuja ile mvua ya mwisho, watu wameshaanika miavuli yao na kuiweka, ikanyesha toka asubuhi mpaka laasiri haikupumzika. Maji ya paa yakawa yanamwagikia moja kwa moja kwenye friji la pembeni, lile lililokuwa la duka la soda. Na matundu yake ya chini yameziba. Rukia katoka na mvua yake kichwani, kachukua bisibisi lako refu, kalala kifudifudi kwenye tope anazibua tundu kwa tundu. Mengine yalizibuka. Lile la soda halikuzibuka. Baada ya siku chache majani yake yakawa manjano, akaivuta moja ikatoka na harufu ya uozo, laini kama ndizi iliyokanyagwa. Friji zima, Baba Rukia. Lote.

Akaja akakaa chini miguuni pangu, mikono ina udongo. "Mama, naozesha tena. Kama zile tungule."

Nikamwambia, "Zile tungule ulimwaga maji wewe. Haya kamwaga Mungu. Umlaumu nani? Inuka ukafunge lile bati." Akainuka. Akafunga kipande cha bati chini ya paa, maji yakapinda yakaenda kwa Bi. Tatu, na Bi. Tatu, ajabu, hakusema neno. Nadhani ndoo ile ya taka bado ilikuwa inamkaa rohoni.

Kisha kikaja kipupwe. Unakijua kipupwe chetu, ule upepo wa kutaka shuka asubuhi. Mimi nnajifunika, Rukia anafungua milango. "Usifunge, Mama, acha ipoe." Anatembea baina ya mafriji yake, anapapasa majani, anazungumza nayo. Anayaambia nini sijui. Nilimsikia mara moja akilitaja jina lako.

Majani ya chini yalipoanza kukauka, akaacha kumwagilia. Kabisa! Bi. Tatu kachungulia juu ya ukuta: "Rukia, zinakufa hizo! Zitie maji, mwanangu, nitakuletea mimi." Rukia akamjibu kwa adabu kwamba sasa thomu inajikusanya chini, ikipewa maji itaoza. Bi. Tatu hakuridhika, na kwa kuwa alishakula mbegu akawa anataka kulipa wema, siku mbili alikutwa na ndoo mlangoni mwa ua. Mpaka Rukia akatia kufuli. Jirani kazuiwa kufanya hisani kwa kufuli! Ningekuwa nawe tungecheka mpaka chakula kiungue.

Nikatoka eda.

Wakaja wanawake, nikakogeshwa, nikavishwa kanga mpya, nikafukizwa udi. Nikajitia marashi kwa mara ya kwanza tangu ulipoondoka. Na hapo, mbele ya watu wote wale wenye vicheko na vigelegele, nikangoja. Nimesimama nangoja. Kwa sababu nikijitia marashi wewe ulikuwa unasema, "Mama Rukia, acha mengine kwa ajili ya Idi." Hakuna aliyesema. Nikaingia chumbani nikafunga mlango kidogo.

Kesho yake asubuhi Makame kabisha hodi. Kaja na fundi wake, fundi na kamba na vigingi begani, tayari kupima. Bi. Tatu kaingia nyuma yao, hakuna aliyemkaribisha. Sasa nikamwona Makame uso kwa uso, nimejifunga ushungi wangu, na nikaona kumbe kachoka yule ndugu yako, kazeeka. Anafanana nawe hapa kwenye paji. Sikulitarajia hilo.

"Haya, mwanangu," akamwambia Rukia. "Mimi nimetimiza ahadi. Iko wapi?"

"Chagua mwenyewe, Ami. Usije ukasema nimechagua mimi."

Akatazama, akaenda lile friji la karibu na ukuta, akashika majani makavu akavuta. Ikatoka. Akaifuta udongo kwa gumba. Baba Rukia, roho yangu iliruka ikaenda zake. Ilikuwa gololi. Mviringo, moja, haina mgawanyiko. Ile ile ya mfukoni kwako.

Makame hakucheka. Ningependa angecheka. Akaigeuzageuza, akasema kwa sauti ya chini, "Pole, mwanangu." Na fundi wake akaanza kufungua kamba.

Mimi nikataka kusema. Akanitangulia yeye, Rukia: "Ami, hiyo imekaa kwenye kivuli cha ukuta, jua haikulipata. Umevuta moja. Hukusema utavuta moja. Vuta za katikati."

"Unaniamrisha?"

"Nakuomba, Ami. Lakini vuta."

Bi. Tatu akadakia, "Vuta bwana, unaogopa nini, kitunguu kitakuuma?"

Akaenda la katikati. Akavuta, haikutoka. Imeshika! Akainama, akatia vidole kwenye udongo, akalegeza, akavuta tena, ikatoka na mizizi yake kama ndevu. Akaifuta. Akaifuta tena kwa pindo la kanzu, kanzu nyeupe ile, hakujali. Kisha akaikamua kwa gumba, na wote tukasikia ile sauti yake ndogo, ta, ya ganda kupasuka.

Chembe. Zimejipanga duara, nyeupe, nene, kila moja na koti lake.

Harufu ikajaa uani kote. Ninakuapia, ni kali kuliko ya sokoni, ile ya sokoni imechoka safari.

Akavuta nyengine. Chembe. Akavuta nyengine. Ndogo, lakini chembe. Yule fundi akakunja kamba yake bila kuambiwa, akasema, "Mzee, mimi hapa zege simwagi. Nitalaaniwa na mke wangu." Bi. Tatu kapiga kigelegele kimoja hicho, nadhani mpaka Michenzani walikisikia, kisha akakaa kwenye ukingo wa friji akalia kama ndiye aliyefiwa, "Na mimi nilikula wenzake! Na mimi nilikula wenzake!"

Na Makame? Makame alikaa kitako naye, kwenye ukingo wa pili, ile thomu mkononi. Akasema, "Kila mwaka nilimcheka. Barazani, mbele ya watu. Mwaka huu tu hayupo nimcheke, na mwaka huu ndiyo imetoka." Hakumwambia mtu. Nadhani alikuwa anakwambia wewe, basi nimekufikishia. Akavuta pumzi, akainuka, akamwekea Rukia mkono kichwani. "Ua wako. Bi. Tatu shahidi, fundi shahidi, mama yako shahidi. Na mimi nikifa, wanangu nitawaambia kabla." Kisha akaomba achukue kichwa kimoja ampelekee mkewe, na Rukia akampa vitatu, vile vikubwa, na sikuvionea choyo. Kidogo tu nilivionea.

Sasa zimetundikwa kwa mafungu chini ya paa la jiko, kivulini, upepo unapita, majani yamesukwa kama nywele za mtoto wa chuo cha Kurani. Mgeni akiingia simpi kiti mpaka atazame juu kwanza. Juzi nikatia kichwa kimoja kwenye mkoba nikaenda Darajani, nikasimama kwa yule muuza viungo anayejifanya anajua kila kitu. "Nikisie hii ya wapi." Akaishika, akanusa, akafumba macho. "Hii ya milimani bara, bibi, mpya kabisa." Nikamwambia, "Ya Mlandege. Kaiotesha binti yangu, Rukia, binti fundi friji." Akasema haiwezekani. Nikaipasua mbele yake, nikampa chembe moja aende nayo nyumbani na uongo wake. Watu wakakusanyika. Nilijisikia kama bibi harusi.

Na tayari watu wameanza kumwita Rukia kwenye nyumba zao awaonyeshe. Anakwenda, anawaambia: ianze na baridi, isimame pakavu, jua ilipate, na ikianza kukauka uizuie mikono. Anazungumza, Baba Rukia, nusu saa nzima, na wanawake wazima wamenyamaza wanamsikiliza. Akirudi anakula bila ya kuambiwa. Mfuko mwengine ameshautia kwenye friji, na juu yake kabandika karatasi yenye maneno yako kwa herufi kubwa kubwa: "Hii si ya mchuzi." Bi. Tatu akaisoma kwa sauti, akaapa kwamba yeye sasa ni mlinzi wake.

Limebaki moja, nalo ndilo lililonikalisha kuandika. Maneno yameanza kuja. Watu waliokuwa wakisema masikini Rukia kaachwa, sasa wanaleta salamu. Yuko mmoja wa Mangapwani, katuma shangazi yake, wanasema mtu mzuri, ana kazi yake. Zamani, nikwambie kweli, ningekimbia kumfungulia mlango, kwa hofu tu ya mdomo wa watu, na wewe ungenifuata nyuma ukimtafutia kiti. Rukia nimemwuliza, kasema, "Sijui, Mama. Labda. Sina haraka." Kasema huku anapalilia, hata hakuinua kichwa, na nilipomtazama usoni nikaona kweli hana haraka. Mtu asiye na haraka ni mtu mwenye pake.

Basi nakuahidi hivi, na mashahidi wangu ni Mungu na wewe. Sitamsukuma. Akitaka, ataolewa, na nitapiga vigelegele mpaka nikaukiwe. Lakini yeyote atakayekuja kumposa nitamkalisha pale ukumbini, nimpe kahawa, na kabla ya kumwuliza ukoo wala kazi nitamwuliza: kwako kuna ua? Akisema upo, nitakwenda kuukagua kwa miguu yangu hii, nitie kidole kwenye udongo, nitazame jua linaangukia wapi na maji yanakimbilia wapi. Na akisema hana, basi sitamfukuza. Nitamwambia ahamie yeye hapa.

Mungu akupanulie kaburi lako, alitie nuru na ubaridi, wewe uliyewatafutia watu baridi maisha yako yote. Nakuombea kila sala. Nimekusamehe kila kitu, hata zile tungule. Lala, baba wa watu, usiwe na wasiwasi na huyu mtoto.

Ni mimi, mama yake.